Mpeleke Mzee Extremadura, na muanzie bwawani

Swali: "Ninaishi Köln, Ujerumani. Mwakani baba yangu anakuja kutoka Tanga kukaa nami miezi miwili. Ni mwalimu mstaafu, amefundisha historia maisha yake yote, ana miaka 69 na goti moja linamsumbua. Nataka tuende Hispania kwa wiki moja, lakini si Barcelona wala Madrid. Baba anapenda magofu, anapenda mashamba na ndege. Nimeandika sehemu kumi na mbili, kaskazini hadi kusini, na sasa nimechanganyikiwa. Tuanzie wapi, twende mwezi gani, na tukifika tuangalie nini hasa?"

Dada yangu, kwanza mfikishie Mzee shikamoo yangu. Pili, ile orodha ya sehemu kumi na mbili iweke kando. Hispania ina zaidi ya kilomita za mraba 500,000. Ukitaka kuigusa yote kwa wiki moja, atakachokumbuka baba ni kiti cha gari.

Nendeni Extremadura peke yake. Ni jimbo la magharibi, mpakani na Ureno. Eneo lake linaizidi Uswisi kidogo, lakini watu wake ni kama milioni moja tu, kwa hiyo mtaendesha nusu saa nzima mkiona mialoni, kondoo na mawe, bila kijiji. Nimewaongoza wageni huko kwa miaka kadhaa, na sababu ya kuisifia ni kwamba gofu na mandhari havijaachana. Mahali pengi barani Ulaya nguzo ya kale imezungukwa na maduka, na unaitazama kama picha ukutani. Huku mto uliolisha mji bado unapita, bwawa bado lina maji, barabara ya askari bado inaonekana ikikata malisho. Mtu akiuliza "kwa nini walijenga hapa?" anaweza kugeuka nyuma akaliona jibu.

Ndiyo maana nawaomba mfuate maji na barabara, si orodha ya vivutio. Chukueni usiku nne Mérida na usiku tatu Plasencia. Siku ya kuhama katikati ipiteni Alcántara. Basi.

Mérida ilianzishwa mwaka 25 K.K. kwa amri ya Kaisari Augusto, ili kuwapa makazi askari waliomaliza utumishi wao katika lejioni, yaani vikosi vikubwa vya jeshi la Kirumi, ya tano na ya kumi. Jina lake la Kirumi lilikuwa Emerita Augusta, na *emeritus* kwa Kilatini ni askari aliyestaafu kwa heshima. Mwambie Mzee kwamba huu ni mji uliojengewa wastaafu. Atafurahi.

Wageni karibu wote wanaanza na ukumbi wa michezo ya kuigiza. Nyinyi anzeni na Proserpina, bwawa la Kirumi lililo kilomita chache kaskazini ya mji. Fikeni asubuhi, kabla jua halijakaza. Juu ya ukuta ni tambarare, goti la Mzee halitalalamika, na mnaweza kutembea zaidi ya mita 400 maji yakiwa upande mmoja na tuta la udongo upande wa pili. Simameni katikati. Upande wa maji kuna ukuta wa itale wenye nguzo za kuegemeza, na nyuma yake Warumi walirundika udongo ili bwawa likijaa, uzito wa maji ukutane na uzito wa ardhi. Kuna pia minara iliyojengwa kama visima ndani ya tuta, na humo ndimo walimoshuka kufungua na kufunga maji. Miaka ya 1990, bwawa lilipokaushwa ili kuondoa tope, ikaonekana kwamba ukuta umeshuka chini kuliko watu walivyodhani. Kimo chake chote ni kama mita 21. Yaani unachokiona juu ya maji ni ukingo tu.

Mwacheni Mzee auguse. Mawe ni ya baridi hata jua likiwaka, yana ukungu wa rangi ya njano na kijivu, na mahali pengine chokaa ya kale imebaki katikati kama ugali ulioganda pembeni mwa sufuria. Siku za joto watoto wa Mérida huja kuogelea hapohapo.

Sasa yafuateni maji. Kutoka bwawani yalisafiri kwa mteremko peke yake, bila pampu yoyote, hadi ukingoni mwa mji, ambako bonde la kijito cha Albarregas liliyazuia. Hapo ndipo walipojenga mfereji juu ya matao ambao leo unaitwa Los Milagros, "Miujiza", kwa kuwa wenyeji walishangaa kwamba bado umesimama. Nguzo zake zinafika mita 25, mistari ya itale kwa mistari ya tofali nyekundu. Juu ya karibu kila nguzo kuna kiota cha korongo weupe. Ndege hawa hawana wimbo; wakisalimiana hurudisha kichwa nyuma na kugonganisha midomo, ka-ka-ka-ka, na mlio huo katikati ya mawe ya miaka elfu mbili ndio ninaoukumbuka nikiwa mbali na Mérida. Pale chini ni bustani ya nyasi yenye mabenchi. Kaeni saa nzima. Aliyetoka bwawani asubuhi ile hatauona mfereji kama pambo, kwa sababu anajua ulikuwa umebeba nini na kutoka wapi.

Alasiri nendeni Alcazaba, ngome iliyo kando ya mto Guadiana. Ilijengwa mwaka 835 kwa amri ya Abd ar-Rahman wa Pili, amiri wa Córdoba, na jiwe lake la msingi limeandikwa Kiarabu. Ndani yake kuna kitu ambacho mtu wa pwani yetu atakitambua mara moja: birika la kuhifadhia maji. Unashuka ngazi, pembeni kuna mihimili ya mawe yenye michoro ya mizabibu na majani, iliyochongwa na Wavisigothi, watu waliotawala Hispania baada ya Warumi na kabla Waislamu hawajafika, kisha ikatumiwa upya, na chini kabisa kuna maji yaliyochujwa kutoka mtoni kupitia changarawe. Ngome ikizingirwa, walioko ndani hawakufa kwa kiu. Ngazi ni za mteremko, Mzee ashuke polepole na wewe utangulie mbele yake. Kama amewahi kuwapeleka wanafunzi kwenye magofu ya Tongoni, karibu na Tanga, anajua kwamba kwenye gofu swali la kwanza ni kisima kiko wapi. Hapa atajibiwa.

Nje ya ngome ndipo linapoanzia daraja la Kirumi, karibu mita 790 kwa urefu, matao kama sitini. Magari hayaruhusiwi. Tembeeni jioni hadi pale goti litakaposema basi, kisha mrudi.

Ukumbi wa michezo, ndiyo, nendeni siku ya pili. Ulijengwa mwaka 16 au 15 K.K. kwa ufadhili wa Agripa, mkwe wa Augusto, na uliweza kuchukua watu kama 6,000. Lakini mueleze Mzee jambo ambalo picha hazisemi: hadi mwanzoni mwa karne ya 20 ulikuwa umefukiwa, na juu ya ardhi vilichomoza vipande saba tu vya safu za juu. Wenyeji waliviita Viti Saba. Uchimbaji ulianza mwaka 1910, na zile nguzo nzuri za jukwaani zilisimamishwa upya baada ya hapo. Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kirumi iko mlangoni, jengo la matofali la msanifu Rafael Moneo la mwaka 1986. Saa mbili zinatosha.

Siku ya tatu iwe ya mashambani. Mashariki ya mji iko hifadhi ya Cornalvo, yenye bwawa jingine la Kirumi katikati ya msitu wa mialoni. Msitu huo wanauita *dehesa*, na ni shamba, ingawa mgeni ataona pori. Miti imeachwa mbalimbali kwa makusudi, kila mmoja na kivuli chake, chini ni nyasi za mifugo. Kuanzia Oktoba matunda ya mwaloni yanaanguka na nguruwe weusi wa Iberia huachiwa wanenepe. Mialoni mingine hukatwa magome ya kizibo, tena si kila mwaka, ni baada ya miaka tisa au zaidi, na shina lililovuliwa hubaki jekundu kama limechubuliwa. Mfumo huu umedumu karne nyingi kwa sababu hakuna kitu kinachovunwa hadi kiishe. Mtu aliyekulia kwenye minazi na mihogo iliyopandwa pamoja hatahitaji kufundishwa.

Siku ya nne ni ya kantara. Nimelitumia neno hili kwa makusudi. Kantara ni daraja, neno la Kiswahili cha zamani kutoka Kiarabu, na mji wa Alcántara umepata jina palepale: *al-qantara*. Mkiwa njiani Mzee anaweza kuokota maneno mengine. Meya wa kila kijiji huitwa *alcalde*, ambalo ni lile lile kadhi letu. Zeituni ni *aceituna*. Na *hasta*, mnalolisikia kila mnapoagana na mtu, ni hata yetu. Karne kadhaa za utawala wa Kiislamu hazikuacha ngome tu. Ziliacha vinywa vinavyotamka kama sisi bila kujua.

Lenyewe daraja la Alcántara liko juu ya mto Tajo, mwendo wa kama saa moja kutoka Cáceres. Lilijengwa wakati wa Kaisari Trajani, kati ya mwaka 104 na 106, na fundi mkuu alikuwa Gaius Julius Lacer. Matao sita, njia ya juu iko karibu mita 50 kutoka mtoni, na katikati limesimama lango la ushindi. Msivuke kwa gari kwanza. Egesheni, shukeni kwa miguu hadi mnapoweza kulitazama kutoka pembeni, na muangalie jinsi nguzo za katikati zilivyosimama kwenye mwamba wa kina kile, katika mto uliokuwa ukifurika. Upande mmoja wa daraja kuna hekalu dogo lenye paa la mawe, ukubwa wa chumba cha kulala. Humo Lacer aliacha maandishi kwamba amejenga daraja litakalodumu muda wote wa dunia. Limevunjwa tao mara kadhaa, na kila mara ni kwa ajili ya vita: katika karne ya 18 lilikatwa katika vita na Wareno, mwaka 1809 likalipuliwa katika vita na Wafaransa, na likatengenezwa tena katikati ya karne ya 19. Juu yake kidogo, mtoni, utaona ukuta mkubwa wa bwawa la umeme la mwaka 1969. Huwa nawaambia wageni watazame kimoja kisha kingine, na nanyamaza. Mzee naye mwache asimame anavyotaka, usimharakishe kwa ajili ya picha.

Mkishafika Plasencia mko karibu na barabara ile ile ya Kirumi mliyoiacha Mérida. Inaitwa Vía de la Plata, nayo ilipanda kutoka Mérida hadi Astorga. *Plata* kwa Kihispania ni fedha, lakini wanahistoria wengi wanaona jina halihusiani na madini, bali limetokana na neno la Kiarabu la njia iliyosakafiwa. Dakika thelathini hivi kaskazini ya Plasencia kuna Cáparra, na kama ningeruhusiwa kuwaonyesha gofu moja tu katika jimbo zima, lingekuwa hili.

Ulikuwa mji, sasa ni mahame. Kilichobaki kimesimama ni lango moja la mawe lenye miguu minne na matao manne, yakitazama pande zote nne, kwa kuwa lilikaa juu ya njia panda. Barabara inapita chini yake hadi leo. Mawe ya njia yamelegea, nyasi zimeota katikati, ng'ombe wanakula majani nyuma ya ua. Kutoka Mérida ni maili 110 za Kirumi, yaani kama kilomita 163, na nguzo za maili zilizohesabu mwendo huo bado zinapatikana hapa na pale. Ukisimama chini ya lango ukatazama kusini, unaiona njia ikinyooka kuingia mialoni, na unaelewa mji huu uliishi kwa kitu gani: kwa wapitaji. Wapitaji walipopungua, mji ukaisha.

Hapo pia ndipo nilipofanya kosa ninalolijutia. Julai moja nilimpeleka mgeni mzee Cáparra saa saba mchana. Hakuna kivuli pale isipokuwa cha lango lenyewe. Joto lilikuwa zaidi ya nyuzi 40, mgeni akalegea miguu mikononi mwangu, na tulimbeba hadi kwenye gari. Alipona siku ileile, lakini tangu hapo simpeleki mtu mashambani kati ya Juni na katikati ya Septemba. Nanyi msiende.

Karibu na Cáparra iko Granadilla, na hii ni mahame ya aina nyingine. Ni mji mdogo wenye ukuta kamili na mnara, asili yake ni ngome ya Waislamu. Mwaka 1955 serikali ilitoa amri watu wahame kwa sababu bwawa la Gabriel y Galán lingefunika eneo lote. Wakaondoka familia moja baada ya nyingine, hadi miaka ya 1960 wa mwisho wakatoka. Maji yalimeza mashamba yao, yakauzunguka mji pande tatu, yakakomea hapo. Nyumba hazikuzama. Waliofukuzwa waliziona zikiwa kavu maisha yao yote yaliyobaki. Hadi leo wao na watoto wao hukutana huko Agosti 15 na siku ya Watakatifu Wote, Novemba 1. Pandeni ukutani mtembee kuuzunguka mji, lakini mnara wenyewe una ngazi nyingi. Mzee akae chini ya mti uwanjani.

Siku ya mwisho kamili ni ya Monfragüe, hifadhi ya taifa tangu 2007, mahali Tajo unapokutana na Tiétar. Fikeni mapema mahali panapoitwa Salto del Gitano, palipo kando kabisa ya barabara, hakuna kupanda. Mbele yenu, ng'ambo ya mto, kuna mwamba mkubwa uliojaa tumbusi. Kuanzia kama saa nne asubuhi, hewa ikishapata joto, wanajirusha mmoja mmoja na kupanda bila kupiga bawa. Wakati mwingine wanapita chini ya macho yako, na unauona mgongo wao. Hao ni tumbusi wa miambani. Wale weusi, ambao hifadhi hii ina zaidi ya jozi 300, wanataga juu ya miti, na mabawa yao yakikunjuliwa hukaribia mita tatu. Mchukulie Mzee darubini nzuri, hiyo ndiyo zawadi ya kununua kabla ya safari. Juu ya kilima kuna magofu ya ngome ya Waislamu yenye mandhari ya kilomita nyingi. Ngazi zake zichunguze wewe kwanza.

Kuhusu mwezi: wiki ya mwisho ya Machi hadi katikati ya Mei. Mkibahatika kuangukia mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili, bonde la Jerte, linaloanzia Plasencia, lina zaidi ya micheri milioni moja na yote huchanua maua meupe kwa muda mfupi. Chaguo la pili ni Novemba, wanapokuwa wamefika *grulla* kutoka kaskazini ya Ulaya, ndege warefu wa kijivu, jamaa wa yule aliye kwenye bendera ya Uganda. Hushinda kwenye mialoni wakila matunda yaliyoanguka.

Bila gari safari hii haiwezekani. Mabasi ya vijijini ni machache. Madrid hadi Mérida ni kama kilomita 340 za barabara pana, na Trujillo iko njiani kwa chai na kumwonyesha Mzee mji aliozaliwa Pizarro, Mhispania aliyeiteka Peru. Mchana maduka mengi hufungwa kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja, na chakula cha usiku huanza saa tatu, basi muwe na mikate garini. Kama baba hali nguruwe, ulizeni hata mkiagiza mboga au maharage, kwani vipande vya *jamón*, nyama ya nguruwe iliyokaushwa, hutiwa kama kiungo. Nyama ya kondoo ipo tele. Na muonjeni jibini ya Torta del Casar, ya maziwa ya kondoo, ambayo hugandishwa kwa ua la mbigili na si kwa tumbo la ndama.

Mageti ya mashambani yaacheni mlivyoyakuta, lililofungwa mlifunge tena. Kigae kikionekana chini, hata kidogo kama ukucha, kibaki hapohapo: tangu sheria ya mwaka 1985 vitu hivyo ni mali ya umma.

Viza ya Mzee aiombe ubalozi wa Ujerumani, kwa kuwa huko ndiko atakakokaa muda mrefu zaidi, na viza hiyo ya Schengen inamruhusu kuingia Hispania. Fomu ya maombi itataka bima ya afya ya angalau yuro 30,000 inayotumika nchi zote za Schengen. Hakikisheni haikuandikwa Ujerumani peke yake. Mkishapata tarehe niandikie, nami nitakuambia siku ipi muende Proserpina, kwa sababu Jumapili watu hujaa na Mzee hatapata mahali pa kukaa juu ya ukuta.